Kuujua Ukurasa kwa Ndani

Mei 2003 mbunifu mmoja wa Kanada, Dave Shea, aliweka mtandaoni ukurasa mmoja wa maneno matupu, akawaalika wabunifu wenzake wa popote walipo waje waupambe. Sharti lilikuwa moja tu. Faili la HTML, yaani maneno yenyewe na muundo wake, lisiguswe. Mbunifu aandike faili la CSS, lile linaloamua rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, mahali pa kila fungu la maneno na picha za kupambia. Mradi huo uliitwa CSS Zen Garden. Kazi zilimiminika, na baada ya miaka kadhaa zaidi ya 200 zilikuwa zimeingizwa katika orodha rasmi. Ukifungua moja unakuta utulivu wa bustani ya Kijapani. Ukifungua nyingine umezama vilindini mwa bahari. Chini ya sura zote hizo maneno ni yale yale, kwa mpangilio ule ule, nukta kwa nukta.

Naanza na mradi huu kwa sababu unajibu vizuri swali linalozuka kila wabunifu wanapokutana: je, mbunifu wa tovuti anahitaji kujifunza kuandika msimbo? Swali hili huulizwa vyuoni, kwenye usaili wa kazi, na kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wanaoanza fani. Mara nyingi hujibiwa kwa hesabu za ajira: nani analipwa zaidi, nani anatafutwa zaidi. Mimi napenda kulijibu kwa kuitazama kazi yenyewe. Watu waliopamba ukurasa wa Shea hawakuhitaji kuwa wahandisi wa programu. Kazi yao ilikuwa rangi, herufi na nafasi, lakini CSS waliijua kama walivyozijua rangi, na ndiyo maana waliweza kuyatazama maneno matupu wakaona ndani yake sura ambazo mtu mwingine asingeziona. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Mbunifu wa tovuti ajifunze HTML na CSS mpaka mkono uzoee, kwa sababu hizo ndizo malighafi ya kazi yake, na hakuna ufundi mkubwa unaojengwa juu ya malighafi ambayo fundi haijui.

Ni vizuri tutenganishe mambo mapema. HTML hutaja kila kitu ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kitufe, hili ni jedwali. CSS husema kitu hicho kionekane vipi. JavaScript husema kifanye nini mtu anapokigusa. Nyuma ya hayo kuna seva, hifadhidata na usalama wa malipo, na hayo yana mafundi wake waliosomea miaka mingi. Neno msimbo likitajwa kwa jumla, mwanafunzi hudhani anatakiwa kuyabeba yote haya kichwani, akakata tamaa kabla hajaanza. Mbunifu hatakiwi kuyabeba yote. Lugha mbili za kwanza ndizo zinazomhusu moja kwa moja, na ya tatu aisome kiasi cha kuelewa wenzake wanazungumza nini.

Kwa nini mchoro mzuri peke yake hautoshi? Kwa sababu ukurasa wa wavuti hauna ukubwa wake. Faili lile lile hufunguliwa kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, kwenye kompyuta ya ofisini, kwenye televisheni ya sebuleni. Hufunguliwa na mzee aliyekuza herufi mara mbili kwa sababu macho yamechoka, na mtu asiyeona anayesomewa kwa sauti na kisoma skrini. Mchoro wa kwenye programu ya Figma, hata uwe mzuri kiasi gani, ni picha ya hali moja kati ya hizo. Hali nyingine zote zitaamuliwa na msimbo. Ikiwa mbunifu hakuziamua, zitaamuliwa na kivinjari, au na programa mwenye haraka ya kumaliza kazi kabla ya Ijumaa. Fundi cherehani anayebuni gauni hujua kitenge kinavyoanguka mwilini na kinavyovuta mtu akiketi, na ujuzi huo umo ndani ya mchoro wake kabla hajashika mkasi. Mbunifu wa tovuti naye anastahili kuchora akiwa na ujuzi wa namna hiyo.

Waanzilishi waliliona jambo hili mapema. Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake la wavuti mwaka 1989 huko CERN, karibu na Geneva, na mwaka uliofuata akaandika kivinjari cha kwanza. Shabaha ilikuwa wanasayansi wenye kompyuta za aina tofauti waweze kusomeana hati, na mapambo hayakuwa hoja kubwa. Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo CERN, alitoa pendekezo la CSS. Bert Bos wa Uholanzi aliungana naye, na Desemba 1996 toleo la kwanza likapitishwa rasmi na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti. Ndani ya pendekezo la Lie mlikuwa na wazo la ukarimu ambalo mpaka leo hunifanya nilisome kwa heshima: sura ya ukurasa iwe matokeo ya mashauriano. Mwandishi wa ukurasa ana matakwa yake, msomaji ana yake, na kivinjari kina desturi zake. Kanuni huteremka ngazi kwa ngazi, yenye nguvu ikiishinda dhaifu, mpaka uamuzi upatikane. Mbunifu amepewa sauti kubwa katika kikao hicho, lakini hayumo peke yake.

Mbunifu aliyelelewa na karatasi anaweza kuliona hilo kama hasara, kwa kuwa bango lililokwisha chapwa halibadilishwi na msomaji. Aliyeisoma CSS hujifunza kuliona kama adabu. Leo mtu ambaye kichwa humzunguka akiona vitu vinavyorukaruka kwenye skrini anaweza kuiambia simu yake ipunguze miondoko, na mbunifu aliyeandika kanuni ya prefers-reduced-motion atakuwa amemsikia. Anayesoma usiku akapendelea mandhari meusi, ipo kanuni ya kumsikia pia. Maombi haya hayaonekani kwenye mchoro. Yapo ndani ya lugha, na anayeijua lugha huyakuta pale yakimngoja.

Njia ya kufika hapa haikuwa nyoofu. Katika miaka ya 1990 vivinjari vya Netscape na Microsoft vilikuwa katika ushindani mkali, na kanuni moja ya CSS iliweza kueleweka huku na kukataliwa kule. Wabunifu waliotaka safu mbili zikae sambamba walitumia majedwali, jedwali ndani ya jedwali, na picha angavu za pikseli moja za kusukuma vitu viende mahali pake. Kitabu cha David Siegel cha mwaka 1996 kilizieneza mbinu hizo. Kurasa zilipendeza, lakini zilikuwa nzito, na kisoma skrini kilimtangazia asiyeona jedwali mahali ambapo hapakuwa na jedwali lolote. Mwaka 1998 kundi la wabunifu na watengenezaji, Jeffrey Zeldman akiwa miongoni mwao, lilianzisha Web Standards Project ili kuwabana watengenezaji wa vivinjari wafuate viwango vya pamoja. Wabunifu waliingia katika mapambano hayo kwa sababu walikuwa wakiandika kurasa kwa mikono yao, na waliona kwa macho yao kazi nzuri ikivunjika kwa kosa lisilo lao.

Katika kipindi hicho ndipo palipozaliwa mbinu ambazo napenda kuzirudia polepole, kama mtu anavyorudia kutazama kiungio cha seremala stadi. Chukua ile ya Douglas Bowman, aliyoieleza katika jarida la A List Apart Oktoba 2003 kwa jina la Sliding Doors. Tatizo lilikuwa vichupo vya menyu vyenye kona za mviringo. Siku hizo CSS haikuwa na njia ya kukunja kona, kwa hiyo kila kichupo kilichorwa kama picha, neno likiwa limegandishwa ndani yake. Msomaji akikuza herufi, picha haikukua. Neno likibadilishwa, picha ilichorwa upya. Bowman aliigawa picha vipande viwili. Kimoja kilikuwa kipana na kirefu kupita mahitaji, kikiwa na kona moja. Cha pili kilikuwa chembamba, kikiwa na kona ya upande wa pili. Kisha akaviweka kimoja juu ya kingine nyuma ya maandishi halisi. Neno likiwa fupi, vipande vilisogeleana. Neno likirefuka, au msomaji akikuza herufi, viliachana, na sehemu ya picha kubwa iliyokuwa imejificha ikatokeza. Kichupo kikanyumbulika chenyewe.

Uzuri wa mbinu hiyo umo katika chanzo chake. Wakati ule kitu kimoja cha HTML kiliweza kubeba picha moja tu ya mandharinyuma. Bowman aliitazama orodha ya menyu akaona kwamba kila kichupo tayari kina vitu viwili, kimoja ndani ya kingine: kipengele cha orodha, na kiungo kilichomo ndani yake. Picha mbili, vitu viwili. Hakuongeza chochote kwenye HTML. Alitumia kilichokuwapo. Wazo la namna hii haliwezi kuzaliwa mbele ya mchoro, kwa kuwa mchoro hauonyeshi kwamba kipengele cha orodha na kiungo ni vitu viwili. Linazaliwa katika kichwa cha mtu mwenye jicho la msanii ambaye pia anajua ukurasa umeundwa na nini.

Januari 2004 Dan Cederholm alieleza mbinu nyingine katika jarida hilo hilo la A List Apart. Safu mbili zenye maneno tofauti huishia mahali tofauti, na rangi ya nyuma ya safu fupi hukatika njiani. Cederholm aliiacha safu fupi ibaki fupi. Alitengeneza picha moja nyembamba sana kwa kimo, yenye rangi za safu zote mbili, akaipachika kwenye kisanduku kinachozizunguka safu zote na kuiambia ijirudie kwenda chini. Msomaji aliona safu mbili zilizolingana mpaka mwisho wa ukurasa. Leo mbinu hizi zote mbili zimestaafu. Kona za mviringo huandikwa kwa mstari mmoja, na safu hulinganishwa na lugha yenyewe. Kilichobaki ni tabia ya kulitazama tatizo kwa jicho la mbunifu na kulitatua kwa vitu vilivyomo ndani ya ukurasa.

Tabia hiyo ilizaa matunda makubwa Mei 2010. Simu janja zilikuwa zimeenea, na kampuni nyingi zilikuwa zikijenga tovuti mbili, moja ya kompyuta na moja ya simu. Ethan Marcotte, Mmarekani, aliandika makala akipendekeza tovuti moja inayojibadilisha kulingana na skrini. Jina la pendekezo lake alilichota kwa wasanifu majengo, waliokuwa wakizungumzia majengo yanayoitikia watu waliomo ndani yake. Viungo vya mbinu yake vilikuwa vitatu: gridi inayonyumbulika, picha zinazonyumbulika, na kanuni za CSS zinazouliza upana wa skrini kabla ya kutekelezwa. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukua upana wa kitu unachokitaka, ugawe kwa upana wa kilichokibeba. Safu ya pikseli 300 ndani ya ukurasa wa pikseli 960 inakuwa asilimia 31.25. Tangu hapo safu hiyo haina pikseli tena. Ina uwiano, na uwiano hauvunjiki ukurasa ukibanwa.

Viungo vyote vitatu vilikuwapo kabla ya Marcotte. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2000, John Allsopp wa Australia alikwisha kuwasihi wabunifu waukubali unyumbufu wa wavuti badala ya kuulazimisha uwe karatasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba vitu vitatu vilivyotawanyika ni kitu kimoja, na mtu huyo alitakiwa awe anaijua gridi ya wachapaji na anaijua CSS kwa wakati mmoja.

Kisha ikaja Machi 2017. Ndani ya mwezi huo mmoja Firefox, Chrome na Safari zilianza kuielewa CSS Grid, na kwa mara ya kwanza wavuti ukapata chombo cha kupanga kurasa kilichotengenezwa hasa kwa kazi hiyo. Wabunifu wa Uswisi, Josef Müller-Brockmann akiwa kinara wao, walikuwa wameikuza gridi katika mabango na vitabu miongo mingi kabla. Sasa ikaingia kwenye kivinjari, na watu kama Rachel Andrew na Jen Simmons walifanya kazi kubwa ya kuwafundisha wenzao. Tazama kanuni hii moja: repeat(auto-fit, minmax(16rem, 1fr)). Inasema hivi: weka safu nyingi kadiri zitakavyoenea, safu yoyote isiwe nyembamba kuliko kipimo hiki, na nafasi itakayobaki igawanywe sawa. Kwenye simu itakuwa safu moja, kwenye kompyuta pana nne au tano, na hakuna aliyechora hali hizo moja moja. Aliyeiandika hakubuni picha. Amebuni kanuni inayozaa picha. Hapa ndipo ubunifu wa tovuti unapoachana na ubunifu wa bango, na mtu anayechora tu, bila kuandika, hubaki nje ya sehemu tamu kuliko zote ya kazi yake.

Tuitazame kazi ndogo kwa makini. Tuseme mbunifu ametakiwa kutengeneza ukurasa wa ratiba ya boti kati ya Dar es Salaam na Unguja. Jedwali lina safu nne: jina la boti, saa ya kuondoka, saa ya kufika, nauli. Kwenye mchoro mpana linakaa vizuri. Kwenye simu ya pikseli 360 safu nne hazienei. Mbunifu asiyejua HTML atapunguza herufi mpaka zisisomeke, au ataliacha tatizo kwa programa. Anayejua atajiuliza kwanza abiria anakuja kufanya nini. Abiria analinganisha saa na nauli. Basi saa na nauli zibaki bega kwa bega, na jina la boti lishuke mstari wa chini kwa herufi ndogo kidogo. CSS inaweza kuipanga hivyo kila skrini inapokuwa nyembamba. Mbunifu ataomba pia tarakimu zenye upana sawa, ili moja isichukue nafasi ndogo kuliko nane na makumi yakae chini ya makumi. Fonti ikiwa na tarakimu hizo, hiyo ni kanuni ya mstari mmoja, na jicho la abiria linashuka kwenye safu ya nauli bila kujikwaa.

Kuna suala la saa zenyewe. Abiria wa hapa anasema saa moja asubuhi, na mgeni anatarajia kuona 07:00. HTML ina kipengele kiitwacho time, chenye sehemu mbili: maandishi anayoyaona msomaji, na thamani iliyofichwa ambayo mashine huisoma. Mbunifu anaweza kuandika saa 1:00 asubuhi mahali panapoonekana, na 07:00 mahali pa mashine. Programu ya mgeni ikitaka kuonyesha saa kwa mtindo wake, thamani ipo. Ratiba inazungumza kama watu wa mahali pake wanavyozungumza, na haipotezi usahihi wowote. Uamuzi huu ni wa kibunifu kabisa, lakini usingemjia mtu asiyejua kwamba kipengele hicho kipo.

Zije rangi. Ukurasa huu utasomwa bandarini juani. Kijivu chepesi kinachopendeza kwenye kompyuta ya studio kitapotea pale. Mwongozo wa W3C wa ufikivu unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe hakifikii hapo, lakini cha #767676 kinavuka kwa unywele. Anayeandika CSS huzizoea namba hizi kama mpishi anavyozoea kiasi cha chumvi, akawa anajua kabla ya kupima.

Ije fomu ya kukata tiketi. Kitufe kikiandikwa kama kitufe halisi cha HTML, kinapokea kibodi, kinajitangaza kwa kisoma skrini, na kinajulikana na kila kivinjari. Kisanduku tupu kilichopakwa rangi kikafanana na kitufe hakina lolote kati ya hayo mpaka mtu aliongeze kwa mkono, na mara nyingi husahaulika. Kwenye picha viwili hivyo ni sawasawa. Kwa mtu asiyeona, kimoja ni mlango na kingine ni ukuta. Sehemu ya namba ya simu ikitajwa kuwa ni ya simu, abiria huletewa kibodi ya tarakimu badala ya herufi. Maneno ya maelezo yakifungamanishwa na sehemu yake, mwenye kidole kinene anaweza kugusa maneno yenyewe na sehemu ikafunguka. Picha ya boti ikipewa upana na kimo chake ndani ya HTML, kivinjari huitunzia nafasi kabla haijafika, na ukurasa hauruki ghafla abiria anapotaka kubonyeza. Picha za chini zikiambiwa zingoje mpaka msomaji azifikie, bando lake halitafunwi na kitu ambacho hatakiona. Na juu kabisa, katika tagi ya html inayoufungua ukurasa, lugha ikitajwa kuwa sw, kisoma skrini chenye sauti ya Kiswahili kitajua kwamba maneno haya hayasomwi kwa matamshi ya Kiingereza.

Hakuna hata moja kati ya haya lililohitaji shahada ya sayansi ya kompyuta. Lakini kila moja ni jibu kwa swali ambalo mchoro haukuliuliza. Hilo ndilo ninalolistahi katika ufundi huu. Msimbo humuuliza mbunifu: neno likiwa refu je? Picha isipofika je? Msomaji asipoona je? Mtandao ukiwa mzito je? Akizoea kuulizwa, huanza kujiuliza mwenyewe akiwa bado anachora, na michoro yake hubadilika. Inakuwa na pumzi zaidi, na haitegemei bahati.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Kuna wabunifu hodari wasioandika hata mstari mmoja, ambao nguvu yao imo katika kuzungumza na watumiaji, kupanga maneno, au kujenga nembo. Timu kubwa hugawana kazi, na mtu mmoja hawezi kuwa bingwa wa kila kitu. Nakubali. Sisemi kila mbunifu akabidhiwe kazi ya mwisho ya kujenga. Nasema awe amewahi kujenga vya kutosha hata aweze kukaa na programa meza moja wakazungumza kama mafundi wawili wa nyumba moja. Mazungumzo hayo huokoa muda mwingi. Mbunifu hutambua mapema kwamba ombi lake moja ni la dakika tano na jingine ni la wiki mbili, na programa naye huacha kukisia.

Wengine husema zana zimekwisha kuondoa haja hiyo. Programu ya Dreamweaver ilitoa ahadi hiyo tangu 1997, na leo kuna mashine zinazoandika msimbo ukiziomba kwa maneno ya kawaida. Zana hizo ni msaada, na anayezitumia hana haja ya kuona haya. Lakini mashine ikikuletea kurasa kumi kwa dakika moja, anatakiwa mtu wa kusema ipi imeandikwa vizuri. Ni nani ataona kwamba kitufe kilicholetwa ni kisanduku kilichopakwa rangi? Kusoma msimbo kunazidi kuhitajika pale kuuandika kunapokuwa rahisi, na hakuna aliyejifunza kusoma lugha vizuri bila kuiandika.

Kwa anayetaka kuanza, kazi yenyewe ina upole. Haidai mashine ya bei kubwa wala leseni. Kihariri cha maandishi cha bure, kivinjari, na ukurasa mmoja wa jambo unalolijua vinatosha: mapishi ya nyumbani, ratiba ya mechi za mtaani, historia fupi ya shule yako. Andika HTML kwanza bila rangi yoyote, mpaka ukurasa usomeke na kueleweka ukiwa mtupu. Ndipo ulete CSS, kidogo kidogo, ukiutazama kwenye simu yako na kwenye simu ya mtu mwingine. Kuza herufi mara mbili uone kinachovunjika. Funga macho, uache kisoma skrini kikusomee. Fungua kurasa unazozistahi utazame zimeandikwa vipi, kwa kuwa kila kivinjari cha kompyuta kina njia ya kukuonyesha HTML na CSS ya ukurasa uliofunguliwa. Vizazi vya wabunifu vimejifunza kwa kutazama kazi za wenzao namna hiyo, na mlango huo bado uko wazi.

Ubunifu wa tovuti ni kazi ya kuwaamulia mambo watu ambao hutawaona kamwe, wakiwa na simu ambazo hukuzichagua, kwenye mwanga ambao hukuupima. Maamuzi hayo huandikwa ndani ya msimbo, na aliyekabidhiwa kuamua anastahili kuujua vya kutosha kuyaandika kwa mkono wake mwenyewe.